Lebo ya mto na godoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukinunua mto Marekani, au ukiukuta kwenye robota la mitumba lililofunguliwa Dar es Salaam au Nairobi, pembeni kwenye mshono utaona kipande cheupe, kigumu kiasi, kimejaa herufi kubwa. Kinasema ni kosa kisheria kukiondoa. Mimi ni fundi wa makochi na magodoro. Nilijifunza kushona kwa mama, Tanga, tukijaza mito ya sufi. Siku hizi kazi yangu iko Ohio, na majirani zangu wengi wametoka Kongo, Burundi na Kenya. Kila anayepokea kitanda kipya ananiuliza kuhusu kipande hicho, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyajibu hapa mahali pamoja.

Fundi, nikiikata hii lebo nitashitakiwa?

Hapana. Ukishaununua mto ukaufikisha kwako, lebo ni yako, ikate ukitaka. Katazo linamhusu aliyetengeneza, aliyesambaza na anayeuza. Hao ndio wasioruhusiwa kuiondoa mpaka bidhaa imfikie mnunuzi, na wakikiuka wanaweza kupigwa faini. Isome mpaka mwisho, imesema yenyewe: isiondolewe, ila na mtumiaji. Zamani kulikuwa na lebo zisizokuwa na hayo maneno ya mwisho, na hofu ya watu ilianzia hapo.

Kuna mama mmoja hapa mtaani, mtu mzima, alilala miaka miwili lebo ikimkwaruza shavu. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, akaona heri akwaruzwe kuliko kujiharibia. Aliponieleza nilichukua mkasi nikaikata mbele yake, nikamsomea neno kwa neno. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili linahitaji kuandikwa.

Kama haimhusu mnunuzi, kwa nini wameandika kwa ukali hivyo?

Kwa sababu mto unanunuliwa bila kuonekana. Nyanya unaiminya, samaki unamfunua matamvua, kitambaa unakinyoosha juani. Lakini mto ni mfuko ulioshonwa pande zote. Unachokiona ni ngozi yake tu, na humo ndani usipopaona ndimo pua yako itakapovuta hewa usiku kucha.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani kulikuwa na watengenezaji waliojaza magodoro chochote kilichopatikana kwa bei ya chini: matambara ya kuokota, singa za farasi zisizooshwa, maganda ya mahindi, hata magodoro makuukuu yaliyopasuliwa, yakiwemo yaliyolaliwa na wagonjwa. Juu wanashonea kitambaa kipya cha mistari, kinameta. Mteja analipa bei ya kitu kipya, kunguni wanahamia kwake bila kulipa nauli. Jimbo moja baada ya jingine likatunga sheria: andika kilichomo, taja jina lako, na lebo ibaki mahali pake mpaka mteja aione. Ukali wa maneno ulikusudiwa kwa mwenye duka ambaye angeona lebo inasema ndani mna vitu vilivyotumika, akaikata kabla ya kufungua mlango asubuhi.

Matambara ya kusaga yanayotajwa kwenye sheria hizo ni kitu gani hasa?

Wenyewe wanaita shodi. Mwaka 1813 huko Batley, Yorkshire, Uingereza, Benjamin Law alibuni njia ya kuchambua matambara ya sufu, kuyarudisha yawe nyuzi, kuyachanganya na sufu mpya na kufuma tena. Kama ufundi, ni kazi ya akili, wala sioni ubaya kutotupa kitu. Tatizo ni kuficha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari walivishwa sare za shodi zikawafumukia mwilini, na tangu hapo neno hilo kwa Kiingereza limekuwa jina la kazi yoyote iliyolipuliwa.

Matambara mabaya zaidi, yasiyofaa kufumwa tena, yalisagwa mpaka yakawa kama pamba chafu ya kijivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikishindiliwa kwenye magodoro na mifarishi, yaani mablanketi ya kushonwa yaliyojazwa ndani.

Mkaguzi alijuaje kama matambara yalifuliwa kabla ya kusagwa?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1911 ikikataza kuuza au kutumia matambara ya kusaga yasiyofikia kiwango cha usafi. Lakini usafi unaupimaje? Kwa macho huwezi, kila kitu ni kijivu. Kwa pua huwezi, mwuzaji ataweka dawa ya harufu. Wakapata njia: chumvi.

Jasho la mtu lina chumvi. Mkojo una chumvi. Nguo iliyofuliwa vizuri huwa imeiachia kwenye maji, na nguo chafu bado imeibeba. Kwa hiyo kanuni zikaagiza mkaguzi achukue si chini ya gramu 40 za yale matambara, ayaoshe kwa maji ya maabara, kisha apime klorini ya chumvi iliyotoka. Isizidi sehemu 30 katika 100,000. Kwa gramu 40 hizo ni miligramu 12, kiasi ambacho kikidondoka mezani huenda usikione. Ikizidi hapo, kuna mtu amelitia jasho tambara hilo na hakuna aliyelifua.

Mtu anayeshona kwa mkono analielewa hili haraka. Ukipasua kochi la zamani siku ya joto, mikono inanata kabla pua haijasema kitu.

Ni kweli jambo hili lilifika Mahakama ya Juu?

Ndiyo. Jimbo la Pennsylvania mwaka 1923 halikuishia kwenye lebo, lilipiga marufuku kabisa shodi ndani ya mifarishi, hata ikisafishwa. Kampuni ya Palmer Brothers ya Connecticut, iliyokuwa ikitengeneza mifarishi hiyo kwa wingi, ikaenda mahakamani. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoka Machi 8, 1926. Jaji Pierce Butler, kwa niaba ya walio wengi, alisema shodi inaweza kuuliwa vijidudu ikawa salama, kwamba hakukuwa na ugonjwa uliojulikana kutokana nayo, na kwamba sheria ile ile iliruhusu vitu vingine vilivyotumika mradi visafishwe. Tena sheria ilikuwa tayari inadai lebo na ukaguzi. Marufuku ikafutwa.

Jaji Oliver Wendell Holmes alipinga, na Louis Brandeis na Harlan Stone wakawa upande wake. Hoja yake ilikuwa kwamba bunge likiona hatari ni kubwa na lebo haitoshi kuizuia, lina haki ya kukataza.

Mimi nikiisoma kesi hii namwelewa Holmes. Aliyewahi kufungua godoro la kulaghai hawezi kuwa na subira na hoja za kiwanda. Hata hivyo matokeo yake kwetu ni haya: shodi iliruhusiwa, ikabaki lebo kumlinda mnunuzi. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anaikata bila hata kuisoma.

Nisomee basi. Inasema nini mstari kwa mstari?

Juu kabisa kuna onyo la kutoiondoa. Chini yake, kwa herufi kubwa, mstari muhimu kuliko yote: ALL NEW MATERIAL, yaani vitu vyote vilivyomo ni vipya. Kisha vinatajwa vilivyomo, kila kimoja na asilimia yake, na asilimia hiyo ni ya uzani.

Hapo kwenye uzani simama kidogo. Chukua mto ulioandikwa nje "manyoya ya bata" kwa maandishi ya dhahabu. Geuza usome lebo: manyoya 90, malaika 10. Malaika ni vile vinyoya laini vya kifuani mwa ndege, visivyo na kijiti katikati, na ndivyo vinavyogharimu pesa. Manyoya yenye kijiti ni rahisi, yanalala chapa baada ya miezi michache, na ncha zake hutoboa foronya zikakuchoma shingo. Maandishi ya dhahabu hayakudanganya, ila hayakusema yote, yaliyobaki yako kwenye lebo. Kuna mto mwingine nje umeandikwa "malaika", nao kwa desturi ya biashara hii Marekani unatakiwa uwe na angalau asilimia 75 ya malaika. Bei zikikaribiana, ujue mmoja wapo unakudai maelezo.

Baada ya asilimia inafuata nambari ya usajili, halafu tamko kwamba mtengenezaji anathibitisha vilivyomo vimeelezwa kama sheria inavyotaka, halafu jina na anwani ya mwenye bidhaa. Lebo yenyewe kwa kawaida haipungui inchi 2 kwa 3.

Kwa nini nyingine ni nyeupe na nyingine zina rangi?

Nyeupe ni vitu vipya. Njano au nyekundu, kutegemea jimbo, ni vitu vilivyokwisha kutumika, na juu yake utasoma SECONDHAND MATERIAL. Kununua godoro la namna hiyo si dhambi, mradi limesafishwa kwa utaratibu na bei yake ni ya kitu kilichotumika.

Kuna aina ya tatu wengi hawaijui. Ukimpelekea fundi kochi lako mwenyewe alirudishie sponji, katika majimbo kadhaa anatakiwa kuweka lebo inayosema kitu hiki si cha kuuza, vilivyomo ni mali ya mwenyewe.

Mdoli wa mwanangu una maneno "Reg. No. PA". Na huyo naye ni godoro?

Kwa namna fulani, ndiyo. PA ni Pennsylvania. Jimbo hilo linadai usajili wa midoli ya kujazwa pia, kwa sababu ile ile: mtoto anaukumbatia, anautia mdomoni, na hajui kilichomo. Kiwanda hakijui mdoli utauzwa jimbo gani, kwa hiyo kinaweka lebo kwenye yote. Kwa mito na magodoro ni takriban majimbo 30 yanayodai lebo, na matokeo ni yale yale, karibu kila mto unaouzwa nchini humo unayo. Vivyo hivyo mdoli uliofika masoko ya mitumba ya Manzese au Gikomba ndani ya robota bado umebeba sheria ya Pennsylvania kwenye mshono wa mgongo.

Kwenye mito, nambari huwa na herufi mbili za jimbo lililosajili, tarakimu, kisha herufi mbili za nchi kiliko kiwanda: CN ni China, VN ni Vietnam. Kwa hiyo mto unaosajiliwa Pennsylvania unaweza kuwa haujawahi kukaribia Pennsylvania.

Lebo inahusu moto pia?

Ya mto, kwa kawaida hapana. Ya godoro, ndiyo, lakini ni lebo nyingine iliyoshonwa jirani na ya kwanza, na hiyo inatoka serikali kuu. Tangu 1973 godoro la Marekani lazima lipite jaribio la sigara: wanaliwekea sigara zisizopungua 18 zinazowaka, na alama ya kuungua isizidi inchi 2 kutoka kwenye sigara. Kuanzia Julai 1, 2007 likaongezwa jaribio la mwali wa moto, kwa sababu moto wa chumbani mara nyingi huanzia kwenye shuka na blanketi, ukashika godoro. Godoro likichomwa kwa mashine, ndani ya dakika 30 lisitoe joto la zaidi ya kilowati 200 wakati wowote. Kusudi ni kuwapa watu dakika za kutoka nje. Lebo hiyo inataja tarehe ya kutengenezwa na namba ya aina ya godoro.

Sponji isiyotiwa kinga huwaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Mei 8, 1979, fanicha za sponji zilishika moto ndani ya duka la Woolworths mjini Manchester, watu 10 wakafa. Kanuni za Uingereza za 1988 kuhusu fanicha na moto zina uhusiano wa moja kwa moja na vifo vya aina hiyo, na zinagusa hata vinavyojazwa ndani ya mito.

Nimeona onyo kuhusu mtoto mchanga. Ni la kweli?

Ni la kweli, na hapa nitakuwa mkali. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale na mto. Shingo yake haina nguvu ya kugeuza uso ukizama. Mwaka 1992 Marekani ilipiga marufuku mito ya watoto wachanga iliyojazwa chembe laini za plastiki, baada ya watoto kukosa hewa juu yake, na mwaka 2022 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku matakia ya kuzungushia kitanda cha mtoto. Najua kwetu bibi hushona kamto ka mtoto kabla hajazaliwa, kwa mapenzi tu. Kapokee, shukuru, kaweke kabatini mpaka akue.

Lebo itaniambia namna ya kufua?

Si lazima. Kanuni ya Marekani ya maelekezo ya kufua inahusu nguo za kuvaa, siyo mito. Ukikuta michoro ya beseni na pasi, mtengenezaji ameongeza kwa hiari yake.

Mito ya sufi ya nyumbani haikuwa na lebo. Ina maana ilikuwa mibaya?

Haikuwa mibaya hata kidogo. Sufi ni kitu safi: ganda la msufi likikauka linapasuka, ndani mna nyuzi nyepesi kama pumzi, hazishiki maji, ndiyo maana zamani zilijazwa hata kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Hatari yake ni moja, inawaka upesi, usiikaribishe na kibatari.

Lakini hukuhitaji lebo kwa sababu ulikuwepo. Mteja wa mama alikuja na kitambaa chake, akaketi barazani. Sufi ilimwagwa kwenye mkeka mbele yake, mama akiitoa mbegu kwa vidole, moja moja, mbegu nyeusi ndogo kama pilipili manga zikilia kwenye sinia. Sisi watoto tulifunga kitambaa puani na bado tulipiga chafya. Mteja aliona kila kiganja kilichoingia. Mshono wa mwisho ulifungwa machoni pake, na mara nyingine aliushona mwenyewe.

Lebo imekuja kushika nafasi ya yale macho. Anayekutengenezea mto leo yuko bara jingine, hamtaonana, na kitu pekee kinachobaki kati yenu ni neno lake kwenye kipande cha inchi 2 kwa 3 na nambari ya kumtafutia akisema uongo.

Nanunua mitumba. Lebo imekatwa, ninunue?

Mwaka mmoja nilirudi nyumbani nikanunua mto mnene sokoni, foronya yake ikinukia upya. Usiku wa pili nikasikia kitu kigumu sikioni. Nikachukua wembe nikafungua mshono. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji za rangi tatu, kamba za viroba, na ukingo wa soksi ya mtoto, bado una uzi mwekundu. Aliyeniuzia sikumjua jina na sikumrudia. Kilichonikasirisha ni kwamba mimi fundi sikutazama mshono kabla ya kulipa.

Kwa hiyo tazama mshono. Lebo iliyokatwa na mwenyewe wa kwanza huacha kisiki, vipande viwili vidogo vilivyobanwa na uzi wa kiwandani. Hiyo haina neno, umekosa habari tu. Lakini mshono ukiwa wa mkono, au uzi wa upande mmoja ni wa rangi tofauti na wa pande nyingine, mto umefunguliwa, na hata kama lebo ipo haisemi tena kilichomo. Uminye pembe zote nne. Uweke kwenye jua robo saa kisha unuse, joto hutoa harufu iliyofichwa. Alama ya TBS au KEBS, yaani mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ukiiona kwenye godoro jipya ni jambo jema, ila hiyo inathibitisha kiwango, haikutajii asilimia za vilivyomo.

Na Kanada?

Ontario ilikuwa na lebo yake, nayo ikiandikwa isiondolewe mpaka imfikie mnunuzi. Kanuni hiyo ilifutwa Julai 1, 2019. Ndugu zetu wa Toronto wakikuta mto mpya hauna lebo ya jimbo, hawajaibiwa.

Basi niikate au niiache?

Ya mto, kama inakukwaruza, isome, ipige picha kwa simu, ikate karibu na mshono bila kugusa uzi wa mshono wenyewe. Ya godoro usiikate. Wauzaji wengi hawakubali dai la dhamana bila hiyo lebo, na godoro likirudishwa kiwandani kwa sababu ya hitilafu, tarehe na namba zinazotangazwa ndizo zilizoandikwa pale. Igeuzie upande wa ukutani, kisha tandika shuka juu yake.